Bingwa wa Formula 2 apewe gari, si kombe tu

Katika mbio za langalanga kuna kanuni moja ambayo mimi naiona ya kikatili: ukitwaa ubingwa wa Formula 2, ngazi iliyo chini tu ya Formula 1, huruhusiwi tena kushiriki mashindano hayo. Umehitimu, ondoka. Ingekuwa na mantiki kama huko juu, Formula 1, kungekuwa na nafasi inayokusubiri.

Mtazame Felipe Drugovich. Mbrazil huyu alitwaa taji mwaka 2022, akaishia kuwa dereva wa akiba wa timu ya Aston Martin ya Formula 1 misimu mitatu, wenzake wakikimbia. Aliyemfuata, Mfaransa Théo Pourchaire, alikwenda IndyCar, mashindano makubwa ya magari kule Marekani, mwaka 2024, na katikati ya msimu gari akapewa mwingine. Hata Oscar Piastri, aliyebeba Formula Renault ya Ulaya mwaka 2019, Formula 3 mwaka 2020 na Formula 2 mwaka 2021, alikaa benchi mwaka mzima wa 2022. Huyo naye akikosa kiti cha Formula 1, nani anastahili?

Najua watakaonipinga watasema taji la vijana halipimi kila kitu. Ni kweli. Mwaka 2014 Max Verstappen alimaliza wa tatu katika Formula 3 ya Ulaya, bingwa akiwa Esteban Ocon, na sote tumeona yaliyofuata: Verstappen akawa bingwa wa dunia. Timu ya Mercedes nayo ilikuwa na haki ya kumchukua Kimi Antonelli, aliyemaliza wa sita Formula 2 mwaka 2024. Sitaki mtu anyang'anywe kiti. Nataka tu bingwa asifungiwe mlango wa nyuma kabla ya kufunguliwa wa mbele.

Wamarekani walilifanyia kazi jambo hili. Kwa miaka kadhaa bingwa wa Indy Lights, ngazi iliyo chini ya IndyCar, alipewa ufadhili wa dola milioni 1 ili ashiriki angalau mbio tatu za IndyCar, zikiwemo zile kubwa kuliko zote, Indianapolis 500. Kyle Kaiser, bingwa wa 2017, aliingia kwa njia hiyo na timu ndogo ya Juncos. Mwaka 2019, kuelekea Indianapolis 500, timu hiyo ilikimbiwa na wadhamini, gari likaharibika vibaya mazoezini, mafundi wakakesha kuandaa jingine. Kaiser akaingia barabarani na kumtupa Fernando Alonso, bingwa wa dunia mara mbili, nje ya orodha ya magari 33 yanayoruhusiwa kushiriki. Kila nikikumbuka siku ile nasisimka.

Formula 1 ina fedha nyingi kuliko IndyCar. Tangu 2025 kila timu inalazimika kuwapa madereva wachanga vipindi vinne vya mazoezi kwa msimu. Sehemu ya vipindi hivyo itengwe kwa bingwa wa Formula 2, na asipopata kiti, aruhusiwe kurudi kutetea taji lake.

Mwaka 2026 timu mpya ya Cadillac imeongeza viti viwili, vikaenda kwa Sergio Pérez na Valtteri Bottas. Leonardo Fornaroli, bingwa wa Formula 3 mwaka 2024 na wa Formula 2 mwaka 2025, hakupata kiti popote. Waanze na huyo.