Mti nambari 417 haukusinyaa

Katika lahajedwali niliyoirithi maabara, mti nambari 417 ulikuwa na kipenyo cha sentimita 48.2. Miaka tisa baadaye niliupima mimi, nikapata 45.1. Nikarudia, 45.1 tena. Mti umesimama wima, majani tele, hauna jeraha wala ugonjwa, na umepungua sentimita tatu.

Kusinyaa kidogo si ajabu. Shina hupoteza maji mchana likabana, usiku likajaza tena likatanuka, na ukilifunga bendi ya chuma ya kupimia ukuaji utaliona likipumua hivyo siku nenda siku rudi. Wakati wa ukame hubana zaidi. Lakini hayo ni mambo ya milimita. Sentimita tatu ni kosa la mtu, na kilichobaki ni kujua mtu mwenyewe ni nani, mimi au aliyenitangulia.

Kaka mmoja wa uzamivu, ambaye meza yake inatazamana na yangu, alinishauri bila hata kuinua macho: "Ufute. Andika kwamba kipimo hakipo, uendelee na mengine." Si ushauri wa mtu mvivu. Programu ya takwimu haina shida na mti mmoja uliokosekana, na yeye mwenyewe alibakiza miezi minne kukabidhi tasnifu. Tatizo ni kwamba haukuwa mti mmoja. Kwenye ploti ile, yaani kipande cha msitu kilichotengwa kwa utafiti, ilikuwa miti 31, na karibu yote iko upande wa mteremko. Kosa la bahati mbaya halichagui upande.

Nikarudi msituni. Kanuni inataka kipenyo kipimwe mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua, na inaonekana rahisi mpaka usimame kwenye mteremko ujiulize: ardhi ipi? Miongozo inasema simama upande wa juu. Mimi nilisimama huko. Nilipozunguka upande wa bondeni nikapangusa ukoga wa kijani kwa kiganja, nikakuta mabaki ya mstari wa rangi nyekundu, upana wa viganja viwili chini ya pale nilipozungusha tepu yangu. Aliyenitangulia alisimama bondeni, akahesabu mita 1.3 kutoka alipokanyaga, na mstari wake ukaangukia pale shina linapoanza kutanuka kuelekea mizizini. Kwa hiyo sisi wawili hatukuwahi kupima kitu kimoja. Mti ulikuwa ukinenepa kwa raha zake miaka yote tisa.

Hakuna daftari lililosema hivyo. Nilitafuta kwenye kabati, kwenye kompyuta ya maabara, nikamuuliza msimamizi wangu. Tasnifu ya aliyenitangulia ipo maktaba, imejalidiwa vizuri, na sura ya mbinu inasema sentensi moja tu: kipenyo kilipimwa usawa wa kifua. Basi.

Maoni yangu, ambayo yameniletea ubishi hata na watu ninaowaheshimu, ni kwamba maabara zetu za ikolojia ya misitu zinawafundisha wanafunzi kazi kinyumenyume. Tunasifiwa kwa swali jipya, mbinu mpya, grafu yenye rangi za kuvutia. Kupima upya ploti aliyoianzisha mtu mwingine kunahesabiwa kama kufagia: lazima mtu afagie, lakini hakuna anayekupa shahada kwa hilo. Nilipotetea pendekezo langu la utafiti, swali la kwanza kutoka kwenye jopo lilikuwa, "Jipya ni lipi hapa?" Nilijibu kwamba jipya ni miaka tisa. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ila sikuwa natania.

Shahada ya uzamili ni miaka miwili, na ukitoa masomo ya darasani, vibali na kusubiri fedha, unabaki na msimu mmoja wa kupima. Uzamivu ni minne, mitano. Miti ya kivulini huongezeka kipenyo kwa milimita moja au mbili kwa mwaka, na mingine hata hiyo haifikishi. Maana yake kasi ya ukuaji unayoitafuta inaweza kuwa ndogo kuliko kosa la mkono wako mwenyewe. Dawa yake ni muda, na muda ndio kitu ambacho mwanafunzi hana. Anao tu kama atauazima kwa waliomtangulia, na kuuacha kwa wanaokuja.

Mfano ninaoupenda ni wa kisiwa cha Barro Colorado, Panama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Stephen Hubbell na Robin Foster walitenga ploti ya hekta 50 na kuhakikisha kila shina lenye unene wa sentimita moja au zaidi linapimwa, linatambuliwa na kuwekwa kwenye ramani. Mashina zaidi ya 200,000. Sensa ya kwanza ilikamilika 1982, na kabla watu hawajakaa sawa ukaja ukame mkali wa 1982 na 1983, ulioletwa na El Niño, ambayo kwetu huleta mvua lakini kule hukausha. Waliporudi kupima 1985 walikuta miti imekufa kwa kasi kubwa. Hebu fikiria mwanafunzi mwenye sensa hizo mbili tu mkononi. Angeandika tasnifu safi kabisa, takwimu zimenyooka, kwamba msitu unakwisha. Sensa ya 1990 ikaonyesha vifo vimeshuka. Kumbe kile kipindi cha kwanza kilikuwa cha mwaka mbaya, na hakuna hesabu ya kitaalamu ambayo ingeligundua hilo bila mtu kurudi na tepu kupima miti ileile.

Upande wa pili wa haraka ya mwanafunzi nao una kisa chake, na sisi wa fani hii tunasimuliana kama watoto wanavyosimuliana hadithi za mazimwi. Mwaka 1964 huko Nevada, Marekani, mwanafunzi wa jiografia, Donald Currey, alikuwa anachunguza historia ya tabianchi kupitia miti mikongwe ya misonobari. Mmoja wa miti hiyo ulikatwa kwa ajili ya utafiti wake, kwa idhini ya Huduma ya Misitu. Walipohesabu pete zake, ambazo kila moja ni mwaka mmoja wa ukuaji, zilizidi 4,800. Hakuna mti mwingine uliojulikana wakati huo kuwa na umri kama huo. Namwonea huruma Currey, kusema kweli. Kibali alikuwa nacho, na msimu wake wa kazi ulikuwa na mwisho kama wangu.

Turudi kwenye vitu vidogo, maana huko ndiko maarifa ya maabara yanakopotelea. Msumari wa kibati cha namba, kwa mfano, haupigiliwi kwenye mstari wa kipimo, kwa sababu mti huvimba kuuzunguka, ukapima uvimbe ukidhani ni ukuaji. Huachiwi pia uuzamishe wote, maana gome litaufuata na kukimeza kibati. Nimewahi kutumia nusu asubuhi nikibishana na mti kuhusu jina lake. Kisha kuna tepu. Ipo ya kawaida, na ipo ya kipenyo, ambayo alama zake za sentimita zimeachana kwa sentimita 3.14 ili ukizungusha shina usome kipenyo moja kwa moja. Zinafanana kwa rangi. Mpe msaidizi mpya ile ya kawaida bila kumweleza, na mti wa sentimita 20 utaandikwa 63.

Makosa hayo hayabaki kwenye kipenyo. Fomula za kukadiria uzito wa mti, na hivyo kaboni yake, hupandisha kipenyo kwa kipeo cha mbili na zaidi. Ule utofauti wa asilimia 7 wa mti 417 unageuka kuwa asilimia 14 hadi 18 kwenye uzito. Zidisha kwa miti 31, halafu umwambie mtu kwamba ploti inapoteza kaboni. Nilikaribia kuandika hivyo. Grafu nilikuwa nayo tayari, inashuka vizuri, na rasimu ya kwanza ya muhtasari ilikuwa na neno "kupungua" mara tatu.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, na sitaki kuipita kimyakimya. Wanasema ukiruhusu upimaji wa marudio uwe tasnifu, wasimamizi watawageuza wanafunzi vibarua: msimu baada ya msimu wanajaza data ya mradi wa profesa, na jina lao halionekani popote. Hilo lipo. Nimemwona dada mmoja akimaliza miaka mitatu ya kukusanya majani kwenye mitego ya nyavu, kuyakausha kwenye tanuri kwa nyuzi 65 na kuyapima kila wiki mbili, kisha akashukuriwa kwenye mstari wa mwisho wa makala pamoja na dereva. Lakini anayemdhulumu pale si mtego wa majani. Mpe swali lake mwenyewe juu ya data ileile, mpe haki ya kuwa mwandishi wa kwanza wa sura yake, na iandikwe kabla hajashika tepu. Na huyo dereva, na hasa yule mzee anayetambua mti kwa kukwangua gome na kunusa wakati sisi bado tunafungua kitabu, nao majina yao yaandikwe kwenye daftari la ploti kando ya kila mti waliotaja. Mwanafunzi atakayekuja akikuta spishi mbili zimechanganywa, atajua amuulize nani.

Ningeongeza sharti moja la kukera: asihitimu mtu ambaye ploti yake haiwezi kupatikana na mgeni. Mtahini wa ndani apewe daftari na tepu, apelekwe msituni bila mwenye kazi, aambiwe apime miti kumi. Akipotea, tasnifu irudi. Najua haitapitishwa, wahadhiri wengi hawana hata viatu vya kwenda huko.

Mti 417 nimeupima mara mbili, kwenye mstari wa bondeni wa aliyenitangulia na kwenye wangu. Kwenye wake ulikuwa na 50.3, yaani umeongezeka sentimita 2.1 kwa miaka tisa. Vipimo vyote viwili nimeviandika kwa penseli, maana wino huyeyuka kwa mvua, nikachora mshale mdogo kuonyesha upande wa kusimama. Nikapaka mistari yote miwili rangi upya, mmoja nyekundu, mwingine njano. Kisha nikahamia 418, ambao nao upo mteremkoni.