Saa ya kwanza baada ya kuanguka

Kuna ubishi usioisha katika makanisa ya Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi Mbagala. Wapo wanaofundisha kwamba dhambi inashindwa kwa masharti: usivae hiki, usiende pale, funga siku 3, na ukianguka unasimamishwa kwaya. Wapo wanaosema Mkristo yuko huru, na kinachomshindia dhambi ni kukaa na Kristo. Wote wana maandiko. Mimi nadhani mafundisho haya yapimwe saa ile ya kwanza baada ya mtu kuanguka, maana hapo ndipo yanapoonekana yamemfanya nini.

Chukua kubeti, dhambi inayowala vijana wengi wa jiji hili kimyakimya. Kijana ameapa mbele ya kanisa kwamba ameacha. Ijumaa usiku anaweka mkeka, yaani tiketi ya kubeti, kwa pesa ya kodi ya nyumba, na mkeka unachanika: pesa yote imekwenda. Kama amelelewa kwa masharti matupu, hukumu anaijua tayari, kwa hiyo anajificha. Jumapili haonekani ibadani, simu ya kiongozi wa jumuiya haipokei, na anajipangia mfungo wa kulipia kosa. Mfungo ukimshinda siku ya pili, sasa amevunja viapo viwili, na anarudi kubeti kwenye simu kutafuta nafuu. Paulo analieleza hilo katika Warumi 7:8: dhambi ilipata nafasi kwa ile amri. Amri yenyewe ni njema, anasema mstari wa 12. Inaonyesha kosa, ila nguvu ya kuliacha haimpi mtu.

Mtazame Yuda na Petro, walioanguka usiku mmoja. Yuda alijuta, akarudisha vipande 30 vya fedha, akakiri kosa mbele ya makuhani. Kwa masharti, alifanya karibu kila kitu. Makuhani wakamjibu kwamba hayo ni yake mwenyewe (Mathayo 27:4). Petro, aliyekana mara 3, hakuwa na cha kurudisha. Yesu alimfuata ufukweni, akamuuliza mara 3 kama anampenda (Yohana 21). Hakumuuliza kama atarudia.

Hapo wanaotetea uhusiano na Kristo kuliko masharti wana haki zaidi. Lakini fundisho lao likitolewa nusunusu linaumiza watu wengine. "Mungu anaujua moyo wangu" imekuwa kisingizio: deni halilipwi, mke hajui kodi imekwenda wapi, na mchungaji akiuliza anaambiwa anahukumu. Paulo aliyewaandikia Wagalatia wasimame katika uhuru ndiye huyohuyo aliyeagiza, katika 1 Wakorintho 5, mtu anayeishi na mke wa baba yake aondolewe katika kanisa. Na Yesu, katika sura ileile ya mzabibu na matawi, anasema anayezishika amri zake atakaa katika pendo lake (Yohana 15:10). Zaburi ya 119 ina mistari 176, na karibu yote inaitaja sheria ya Mungu, mingi kwa furaha. Uhusiano usio na amri hubaki hisia, na hisia haziwezi kumlipa mwenye nyumba.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, ndiye anayenisadikisha zaidi. Torati ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake aungame, arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Aliyechukua 100,000 angerudisha 120,000. Zakayo aliahidi mara 4, yaani 400,000, pamoja na nusu ya mali yake kwa maskini, na Luka haandiki kwamba Yesu alimwagiza lolote kati ya hayo. Yesu mwenyewe alikuwa ameshasema atashinda nyumbani kwake.

Mfuatano huo, wa kupokelewa kwanza na kulipa baadaye, unafundishika. Saa ileile, itaje dhambi kwa jina na kwa kiasi: "Bwana, nimebeti kodi, shilingi 150,000." Sala ya "nisamehe makosa yangu yote" humwacha mtu akiwa bado amejificha. Pokea msamaha wa 1 Yohana 1:9 kabla hujatoa ahadi yoyote. Kabla ya kesho kuisha, mwambie mtu mmoja (Yakobo 5:16): wa jinsia yako, mtunza siri, ambaye hamdaiani. Usilipeleke jambo hilo kwenye kundi la WhatsApp. Kisha mwenzi wako ajue, na deni lipangiwe tarehe. Uzio uje mwishoni: kufuta programu ya kubeti, au mke kushika laini yenye pesa kwa miezi 3. Ukitangulia, mtu huutegemea huo, na siku ya hasira huuruka. Ukifuata msamaha, analinda alichokwisha kupewa.

Utaratibu wa kumweka mtu chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa ya kumsimamisha kwa muda, nao sioni sababu ya kuufuta. Ubaya wake ni barua ya kusimamishwa ambayo haifuatwi na mtu wa kubisha hodi. Mzee wa kanisa amtembelee wiki hiyohiyo, kisha kila wiki hadi siku ya kurudi kundini, na habari ya lile deni waizungumze hapo sebuleni na mkewe akiwepo, kabla kamati haijaitwa.