Ukipanda Rungwe peke yako, lala Tukuyu au Mbeya mjini?

Masika yanapoelekea ukingoni, Mei kuingia Juni, na baridi ya Nyanda za Juu Kusini inapoanza kuuma, ndipo wanaopenda milima huanza kupanga safari. Anayekwenda bila kundi wala kampuni ya utalii ana swali moja kubwa kabla ya mengine yote: afikie wapi? Jibu analopewa mara nyingi ni Mbeya mjini. Lala huko, anaambiwa, kila kitu kipo, asubuhi unakwenda mlimani, jioni unarudi. Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, unatajwa kama mahali pa kupita tu ukielekea Kyela, na sababu ni ile ile kila siku: mvua.

Hoja ya Mbeya ina uzito wake. Mabasi ya Dar es Salaam, treni ya TAZARA na ndege za Songwe, vyote vinamshusha mgeni huko. Benki zimejaa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo, na vyumba ni vya kila bei. Chumba kisipokuridhisha saa mbili usiku, unavuka barabara unatafuta kingine, jambo ambalo msafiri wa peke yake, hasa mwanamke, ana haki ya kulipa uzito mkubwa. Tena mji wenyewe umekaa chini ya milima: Loleza, wenye mita 2,656, na Kilele cha Mbeya kinachozidi mita 2,800. Kama safari yako ni hiyo miwili, lala mjini.

Ila wengi wanaofunga safari hadi kusini hawaji kwa hiyo miwili pekee. Wanaitaka Rungwe, volkano iliyolala inayokaribia mita 3,000. Wanaitaka Ngosi na ziwa lake ndani ya kreta, Daraja la Mungu, daraja la mawe la asili huko Kiwira, Ziwa Masoko. Yote hayo yako wilayani Rungwe, na hapo ndipo ushauri wa kulala Mbeya unapoanza kupwaya.

Tuanze na mvua, maana ndiyo inayowatisha watu. Takwimu ni za kweli. Mbeya mjini hupata kama milimita 900 kwa mwaka, wakati miteremko ya kusini mashariki ya Rungwe inaweza kufikia 3,000. Sababu inajulikana: upepo wenye unyevu unatoka Ziwa Nyasa, unagonga milima, unalazimika kupanda, unapoa na kumwaga maji. Ndiyo maana Tukuyu ina chai na migomba hadi mlangoni, na ndiyo maana msitu wa Rungwe ni mzito kiasi cha kumficha kipunji, kima ambaye sayansi ilimtangaza mwaka 2005 tu. Hata Juni na Julai, Mbeya ikiwa kavu kabisa, Tukuyu bado hupata manyunyu. Sikatai hata moja katika hayo.

Lakini jiulize: hizo milimita zinanyesha wapi? Zinanyesha mlimani, kule kule unakokwenda kutembea. Ukilala Mbeya hujaikwepa mvua ya Rungwe, umejiondolea tu uwezo wa kuiona. Mlima uko upande wa pili wa safu ya Uporoto, na anga ya Mbeya haikuambii chochote kuhusu hali ya kule. Unaamka saa kumi na moja, nyota zimejaa, unapanda kosta kwa furaha, unafika Isongole unakuta ukungu umeshuka hadi kwenye mashamba ya viazi. Hapo nauli umeshalipa na kiongozi anakusubiri. Shingo upande, unapanda. Unafika juu, huoni mbele wala nyuma, unateremka umelowa.

Aliyelala Tukuyu anafungua mlango saa kumi na mbili asubuhi na mlima uko mbele yake. Ukiwa wazi, anakwenda. Ukiwa umejifunika, anampigia kiongozi simu, wanasogeza hadi kesho, naye anateremka Masoko au anazunguka mashamba ya chai. Kwa mtazamo wangu hili ndilo jambo lenyewe, na nashangaa halisemwi. Mvua nyingi za Tukuyu zinachukuliwa kuwa sababu ya kutolala huko, wakati mahali ambapo hali ya hewa hugeuka kila siku ndipo unapohitaji kuwa karibu, ili uweze kungoja.

Na kungoja kuna thamani kubwa zaidi kwa aliye peke yake. Kiongozi wa msituni anatumia siku nzima, awe anaongoza mtu mmoja au watano. Watano wanachangiana, wewe unabeba gharama yote, pamoja na bodaboda ya kukutoa barabara kuu. Siku ikiharibika, hasara nzima ni yako. Kundi lenye gari lake linaweza kulala Mbeya na kuondoka usiku wa manane likitaka, na ushauri wa kulala mjini, nadhani, ulitokana na safari za namna hiyo. Msafiri wa daladala anaondoka gari likijaa.

Kuna na suala la kurudi. Rungwe ni siku nzima ya mwinuko, utelezi na mizizi, na wengi hutoka msituni jua linakwenda kuzama, magoti yamechoka. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilomita 70, na barabara inapita Uporoto, sehemu ya juu ambako ukungu wa jioni hauishi na malori ya Malawi yanapita yakitoka au kwenda mpaka wa Kasumulu. Si njia ya kuitamani usiku, umesimama kando ya barabara ukipungia kosta zilizojaa. Kuelekea Tukuyu ni mteremko na ni karibu zaidi.

Kuhusu usalama, wanaosema mji mkubwa ni salama zaidi wanaangalia hospitali, na wako sahihi kwa hospitali ya rufaa. Wasisahau tu kwamba Tukuyu ina Makandana na upande wa Kiwira kuna Igogwe. Ila kwa mtu anayepanda peke yake, hatari ya kwanza ni kutojulikana kwamba hajarudi. Angalia kitabu cha wageni cha gesti yoyote: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Mbeya mjini ukiandika "Rungwe" kwenye safu ya unakokwenda, dada wa mapokezi anafunga kitabu na zamu yake inaisha saa mbili asubuhi. Kwenye gesti ndogo ya Tukuyu mama mwenye nyumba atakuuliza unakwenda na nani, na kama ni kijana anayemfahamu atakuambia. Saa moja jioni usipoonekana, simu itapigwa.

Nikubali upande wa pili palipo pa kukubali. Ngosi, ukiitaka peke yake, inafikika kutoka Mbeya bila shida kubwa. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo vilevile, kwa barabara ya Isyonje, ingawa maua yaliyoipa sifa hustawi Desemba hadi Aprili, na kufikia Juni utakuta nyasi na umande ulioganda. Tukuyu usiku hulala mapema. Ukichelewa kula, utapata ulichokikuta, ingawa sahani ya mbalaga, yaani ndizi za kupikwa, yenye maziwa ya mgando haina wa kuilaumu. Na kukausha vitu ni kazi kweli: kiatu kilicholowa Rungwe kinaweza kukaa siku mbili bado kibichi, hata ukikijaza magazeti na kukibadilishia kila baada ya saa chache. Aliye peke yake hana wa kumwazima. Beba jozi ya pili, hata kama ni raba za kawaida, na ulizia chumba chenye dirisha linalopata jua la asubuhi. Umeme ukikatika hita haitafanya kazi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa kama wanachemsha maji ya ndoo.

Wengine hushauri Kiwira, katikati ya njia. Ni karibu zaidi na mlima, ila vyumba ni vichache na vingi viko kando ya barabara kuu, malori usiku kucha.

Kwa hiyo mimi ningegawa hivi. Usiku wa kwanza Mbeya, kwa uchovu wa safari na kutoa fedha benki. Kisha usiku tatu au nne Tukuyu, bila kupanga siku ya Rungwe mapema. Mwambie kiongozi kwamba siku mtaichagua pamoja kwa kuangalia mlima. Vibali vya hifadhi ya msitu muulize yeye vinalipiwaje na wapi, mmalize jambo hilo siku ya kwanza ili asubuhi ya anga safi isiishie ofisini. Usiku wa mwisho rudi Mbeya, maana mabasi mengi ya Dar huondoka alfajiri na kosta ya kwanza ya Tukuyu haitakuwahisha.