Ukikosa timu ya taifa, shika kazi ya ampaya

Hapa Mombasa kuna vijana wanajua kriketi jamani, wanapiga, wanarusha, halafu wakiona umri unakwenda na timu ya taifa haiwaiti basi wanaacha mchezo kabisa, wanaishia kuhadithia mechi za zamani barazani. Yaniuma sana hii, manake uampaya, yaani kuwa mwamuzi wa kriketi uwanjani, ni kazi kamili na hakuna anayewaambia.

Mcheki Steve Bucknor wa Jamaika. Huyu hakuwahi kucheza hata mechi moja ya Test, ile ya siku nyingi baina ya timu za taifa, alikuwa mwalimu wa shule, lakini akasimamia fainali tano za Kombe la Dunia mfululizo, 1992 hadi 2007, pamoja na Test 128. Na alikuwa hana haraka, watu washapiga kelele wee, yeye katulia tu, anaicheza upya ile mpira kichwani, ndio kidole kipande juu polepole, mpigaji ametoka.

Na si kazi ya kusimama tu kwenye jua. Chukua LBW peke yake, yaani mpigaji kutolewa kwa kuuzuia na mguu mpira ambao ungepiga stampu, vile vijiti vya nyuma yake: mrushaji anapita ubavuni mwako, inabidi uone mguu wake umekanyaga wapi, hapo hapo uinue macho, mpira ukienda kilomita 140 kwa saa unafika kwa kama nusu sekunde, sasa je ulidunda nje ya stampu za upande wa miguu ya mpigaji? uligusa bati, lile gongo la kupigia, kwanza ama pedi ya mguuni? ungepiga stampu? Huku timu nzima inakupigia mayowe. Na wasipouliza, hata kama umeona wazi, humtoi mtu, ndio sheria. Hapo kofia ya mrushaji umeishika wewe na mipira sita ya kila ova unahesabu mkononi.

Makosa yapo. Januari 2008 baada ya Test ya Sydney Wahindi walilalamikia maamuzi, Bucknor akatolewa mechi iliyofuata ya Perth, na mimi naona alionewa, mtu hupimwi kwa mechi moja. Siku hizi kuna DRS, mfumo wa kukagua uamuzi kwa video, ampaya akikosea uwanjani yamrekebisha, kwa hivyo hofu hiyo imepungua kwa mechi kubwa.

Sheria zenyewe ni 42, mtu aliyecheza miaka kumi, nyingi anazijua tayari. Kwa hivyo vilabu vyetu vya hapa, tafadhalini, hao vijana wapeni mechi za shule wikendi wasimamie, muwalipe nauli na chakula, na wawekeni na ampaya mzee upande wa pili awaelekeze.