Mwezi mzima Komoro, na marahaba iliyonichanganya

Siku ya pili nikiwa Moroni, mji mkuu wa Komoro, nilimpa biskuti mtoto wa kama miaka minane. Akaipokea, akanitazama usoni, akasema, "Marahaba." Nikaduwaa. Kwetu neno hilo hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo aliyemwamkia. Sasa bwana mdogo huyu, pua inamchuruzika, kanipokelea shikamoo ambayo sikuitoa! Ilibidi nielezwe na muuza duka kwamba Komoro marahaba ni asante tu.

Nilikuwa nimeomba likizo ya mwezi mzima, na kabla sijaondoka jamaa zangu walinicheka. Wiki moja inatosha, walisema, kwani kule ni kama Unguja tu. Kauli hiyo ndiyo nataka kubishana nayo, ingawa nakiri kwamba siku kumi za kwanza niliiamini kabisa.

Ukweli ni kwamba watu wa pwani tuna sababu ya kuiamini. Wangazija, watu wa Ngazija, kisiwa kilipo Moroni, wamekaa Unguja vizazi na vizazi, wakasoma, wakasomesha, wakaoa. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi mkubwa Unguja, alizaliwa Itsandra, kaskazini kidogo ya Moroni, mwaka 1861. Ndege kutoka Dar es Salaam haifikishi saa mbili. Unashuka uwanja wa ndege wa Hahaya, kwenye uwanda wa mawe meusi ya volkano, bahari upande huu, mlima Karthala upande ule, na ukifika mjini unakuta vichochoro vya kupishana kwa mabega na vibaraza vya kukalia. Msikiti wa Ijumaa wa zamani, ulioanza kujengwa mwaka 1427, unaitazama bandari kwa matao yake meupe. Wanawake wanapita wamejipaka usoni msindzano, ambao bibi yangu angeuita liwa. Na sikio linadaka maneno: tano ni ntsanu, mtu ni mndru.

Hapo ndipo penye mtego. Ukienda nchi ambayo huelewi kitu, unauliza. Ukienda nchi unayoielewa nusu, hiyo nusu nyingine unajijazia mwenyewe.

Chukua hili la mtu mzima. Sisi tukisema fulani ni mtu mzima tunamaanisha umri, basi. Ngazija kuna mndru mdzima, neno letu lile lile, lakini wanaume hawaufikii utu uzima huo kwa kuota mvi. Wanaufikia kwa anda, harusi kubwa ya kimila, yenye dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe wa kuchinjwa, na karamu zinazolisha mji mzima kwa siku kadhaa. Mwanamume anaweza kuweka akiba miaka ishirini, mara nyingi akiwa kibarua Ufaransa, ili aje kuitimiza. Asiyeitimiza hubaki mnamdji, mwana wa mji, hata kama ana wajukuu.

Nililiona hili bangweni, uwanja wa mji ambako wanaume hukutana. Mzee mmoja, ndevu nyeupe tupu, alikuwa amekaa pembeni kimya huku kijana wa miaka arobaini hivi akizungumza na kusikilizwa. Nikajisemea, vijana wa hapa hawana adabu. Kumbe adabu ilikuwa imezingatiwa mpaka mwisho: kijana ameoa anda, mzee hajaoa. Wapo Wangazija wanaoilaumu mila hii kwamba inafilisi familia, na wapo wanaosema bila hiyo hao walioko Ufaransa wasingerudi kabisa. Mimi nina maoni yangu, na yamebadilika mara tatu. Ninachojua ni kwamba ningeondoka siku ya saba, ningerudi na hadithi ya vijana wasio na adabu na ningeisimulia kwa uhakika kabisa.

Karthala niliupanda kwa siku mbili na sitawachosha nao. Ni mita 2,361, volkano hai, magoti yangu bado yanalalamika. Kilichonikaa kichwani ni maji. Ngazija haina mito. Mvua ikinyesha, mawe yale yanaifyonza mara moja, kwa hiyo watu wa vijijini hukinga maji ya mapaa kwenye mabirika ya saruji. Mlima ulipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia kwenye mabirika hayo. Hebu fikiria: moto umeuona huko juu, na shida inayokupata ni kiu. Baada ya kuelezwa hilo niliacha kuoga kwa ndoo mbili.

Boti ya kwenda Nzwani, kisiwa cha jirani, iliandikwa Jumanne. Tuliondoka Ijumaa. Kwa mwenye likizo ya wiki moja hilo ni janga, ni siku za kugombana na mkata tiketi. Mwenye mwezi ananunua embe anakaa bandarini. Siku zile tatu nilijifunza Kikomori zaidi ya kile nilichokuwa nimejisomea miezi miwili kabla ya safari.

Nikajiona nimehitimu. Nilipofika Mutsamudu, mji wa huko Nzwani, nikakutana na mzee kwenye ngazi za mji mkongwe, chini ya ngome. Nikainama kidogo nikamwamkia kwa neno la heshima nililofundishwa: "Kwezi." Naye akajibu, "Mbona!" Nikaanza kujitetea palepale. Mbona nini, mzee wangu? Nimekusalimu tu! Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mbona ndiyo jibu la kwezi, kama marahaba yetu ilivyo jibu la shikamoo. Basi neno letu la kuitikia, wao ndilo la kushukuru; na la kuitikia kwao, sisi ndilo la kulalamika.

Nzwani ni kisiwa cha kijani, chenye miteremko mikali na harufu ya langilangi. Maua yake ya njano huchumwa asubuhi na mapema, kisha hukenekwa kwenye mitambo ya shaba kwa saa nyingi, na mafuta yake huishia kwenye manukato ya bei mbaya Ulaya. Moto wa kukenekea hula kuni, na kuni hutoka kwenye misitu ile ile inayoshika maji. Nilionyeshwa mabonde yenye mawe ya mto yaliyolainika vizuri, bila mto. Nilinunua chupa ndogo ya mafuta hayo. Nikiifungua huwa nayakumbuka yale mawe, na starehe inapungua kidogo.

Wavuvi wa huko ndio walionisimulia habari za gombesa, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu zama za kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana hapa Nzwani mwaka 1952, na Afrika Kusini ikatuma ndege ya kijeshi kuja kumchukua. Wavuvi walikuwa wakimjua siku zote. Hata hawampendi, nyama yake haina maana.

Kuna kisiwa ambacho sikukifika, na katika nchi ya visiwa hilo si jambo dogo. Bendera ya Komoro ina nyota nne, lakini visiwa vilivyopata uhuru tarehe 6 Julai 1975 ni vitatu. Kisiwa cha nne, Maore (Mayotte), kilibaki kwa Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wa Ufaransa kamili. Kutoka Nzwani ni kama kilomita 70 tu. Kabla ya 1995 Mkomori alivuka bila viza. Tangu hapo wengi huvuka usiku kwa kwasakwasa, boti ndogo za mashine zinazojazwa watu kupita kiasi, na wengi wamezama. Mama aliyenipangisha chumba ana binti kule. Alinieleza jambo hili akiwa anakunja nguo, bila kunyanyua kichwa, kama anayesema habari za mvua. Sikumuuliza binti alivukaje. Tangu hapo kila nikisoma Komoro ikiitwa pepo isiyojulikana, nafunga ukurasa.

Wiki ya mwisho niliipeleka Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, na kama ningelazimishwa kuchagua kimoja ningechagua hicho. Uwanja wake wa ndege unaitwa Bandar es Eslam, jambo lililonifanya nikague tiketi mara mbili. Mchana hakuna cha kufanya, nami nakisema hicho kama sifa. Wenyeji wangu walivumilia ugeni wangu siku mbili. Badala ya jembe, siku ya tatu nikakabidhiwa mbuzi nikune nazi ya mataba, yaani kisamvu chao. Nilikuna vibaya. Wakina dada wakanipokonya, wakanirudishia kesho yake.

Itsamia tulikwenda usiku. Kijiji hicho ndicho kinacholinda kasa wanaopanda ufukweni kutaga, na sheria yao ni moja: taa uzime, mdomo ufunge. Ukikaa gizani kwanza huoni kitu, unasikia tu pumzi nzito kama ya mtu aliyepandisha ngazi na gunia. Kisha kivuli kinasogea. Kasa alichimba kwa mapezi ya nyuma, taratibu, moja baada ya jingine, karibu saa nzima, akitupa mchanga mpaka ukatufikia miguuni. Kijana aliyetuongoza alininong'oneza kwamba zamani watu waliwala. Siku hizi mtu wa nje akija kuwinda, kijiji kinamtoa mbio. Kasa akamaliza, akafukia, akarudi majini bila kutujali hata kidogo.

La pesa niliseme haraka, maana mtauliza. Beba yuro taslimu; faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, kama 492 kwa moja, na mashine za kutolea fedha usizitegemee nje ya Moroni. Si nchi ya bei rahisi, kwa kuwa bidhaa nyingi huletwa kwa meli. Ukitaka nyangumi, nenda kati ya Julai na Oktoba. Mimi nilikwenda nje ya msimu na sikuona hata mkia.

Niliporudi nyumbani, kitoto cha jirani kilinikimbilia getini na shikamoo yake. Nikaitikia marahaba, halafu nikabaki nimesimama na begi langu, nikijiuliza kimenipa nini hata nikishukuru.