Mashimo ya mwaka jana

Nilipokuwa shule ya msingi huko Shinyanga, siku ya kupanda miti hatukuchimba mashimo. Yalikuwepo. Waliotutangulia waliyachimba, nasi kila mwaka tulizoa majani makavu na mavi ya mbuzi, tukayapanua kidogo kwa jembe, tukakaa kumsubiri mgeni rasmi. Mgeni alifika saa tano, akapanda mche wake na shati lake jeupe, akaumwagia nusu ndoo ya maji, tukapiga makofi. Mche wa mgeni uliwekewa uzio wa miiba. Yetu haikuwekewa. Ilipofika Agosti hapakuwa na tofauti, wa mgeni na yetu yote ilikuwa vijiti.

Nyuma ya vyoo vya shule hiyo hiyo palikuwa na kisiki cha mgunga. Kukifyeka ilikuwa adhabu ya wachelewaji, nami nilikuwa mchelewaji sugu, kwa hiyo nakifahamu vizuri. Tulikikata mpaka usawa wa ardhi, mikono ikatoka damu kwa miiba, na mvua mbili tu zikinyesha kikachipua upya kama hakijatuona. Hakuna aliyewahi kukimwagia maji. Mwalimu wa zamu alikiita "kichaka".

Kila nikisikia takwimu za miche nakikumbuka kisiki kile. Wenzetu Kenya wamelenga miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ikapande. Sisi Tanzania tuna Aprili 1, siku ya taifa ya kupanda miti. Tarehe hiyo haina ubaya Tanga au Kilimanjaro, ambako masika ndiyo kwanza yanashika kasi. Kwetu, kwenye msimu mmoja wa mvua, Aprili mvua inafungasha. Mche unaotiwa ardhini wiki hiyo unapokelewa na kiangazi mizizi yake ikiwa na urefu wa kidole. Mbuzi anakuja kumalizia tu.

Sipingi kupanda. Ninachopinga ni kuhesabu mashimo tukasema tumehesabu miti.

Na ajabu ni kwamba Usukumani tulishajua njia nyingine zamani. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi zikue, kisha likafunguliwa kiangazi kikiwa kikali na kwingine hakuna hata bua. Lilikuwa la ndama, la ng'ombe wagonjwa, la maksai wanaosubiri kulima. Sidhani kama wazee walikuwa wakiwaza "mazingira" walipoliweka, waliwaza maziwa. Miti ilipata faida kwa sababu tu hakuna aliyeisumbua.

Tulivyoipoteza ni hadithi ndefu. Enzi za mkoloni mapori yalifyekwa ili kufukuza ndorobo, yaani mbung'o, ikaja pamba ikataka ardhi zaidi, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Ngitili isiyo na mwenyewe wa karibu haidumu. Kufikia miaka ya 1980 kuna kaya zilizopikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe, ambayo yangepaswa kwenda shambani.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Vitalu vya miche vilikuwepo, lakini kilichobadilisha sura ya mkoa ni kurudisha ngitili. Wakati mradi unaanza zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 zinazojulikana. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na walinzi walikuwa sungusungu wa kijiji, kwa sheria zilizopitishwa kwenye dagashida, mkutano ambao Msukuma anauheshimu kuliko barua yenye mhuri. Ukiingiza ng'ombe kabla ya siku yake, unalipa faini, na majirani wote wanajua umelipa.

Dodoma siku hizi wana njia inayofanana, wanaiita kisiki hai. Unatafuta kisiki shambani, unachagua machipukizi machache yenye afya, unakata mengine, unafunga kitambaa ili jirani ajue kina mwenyewe. Mti huo hauanzi sifuri, kwa sababu mizizi ya mama yake iko chini tayari na inajua maji yalipo. Ndiyo maana kile cha nyuma ya vyoo kilitushinda.

Njia hii ina mipaka yake. Shamba lililopigwa trekta miaka thelathini halina kisiki cha kufufua. Hapo panda, na uzio uweke kwa kila mche. Mwembe na mparachichi navyo havitajiotea. Tena ngitili zina wivu wake: mwenye ardhi kubwa anafunga yake, jirani asiye na ardhi anabaki kuchungulia nyasi kupitia miiba, na ya kijiji ndiyo inayobanwa na kila mtu. Hilo halijatatuliwa, na anayeisifu ngitili bila kulitaja labda hajawahi kuchunga ng'ombe wa mtu mwingine.

Ila kwa hizi sherehe zetu nina ombi moja, na halina gharama. Mgeni rasmi asije Aprili. Aje Septemba, jua la saa saba, nyasi zimeisha na mbuzi wana njaa. Aje na daftari lake, tumtembeze kwenye mashimo, ahesabu kilicho hai. Makofi tutapiga hapo.