Kamera Bubu

Canon 6D yangu ilikuwa toleo la 2012, na nilipoinunua ilikuwa imeshapitia mikono miwili. Mpira wa pale pa kushikia ulibanduka nikaurudisha kwa gundi ya fundi viatu. Lakini ilikuwa na sauti. Kamera za aina ile zina kioo ndani, na kila ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga, halafu kinarudi chini kwa kishindo. Kacha! Mara moja padri alikatiza mahubiri yake akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Mpiga picha, niendelee au bado una neno?"

Siku hiyo ndipo nilipoapa kuhamia kamera zisizo na kioo.

Kiapo kilichukua miaka miwili ya kuweka akiba. Hatimaye Ijumaa moja nikapanda ngazi za jengo moja pale Moi Avenue, Nairobi, duka liko orofa ya tatu, nikauza Canon na taa yake, nikaongeza pesa nikachukua Sony A7 III na taa mpya. Ndiyo, Ijumaa. Na harusi ilikuwa Jumamosi. Usiniulize.

Lenzi za zamani sikuziuza, nikaambiwa nitazitumia kwa adapta. Hii adapta ni hadithi ya peke yake. Lenzi ya Canon imezoea kukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, na kwa Sony nafasi hiyo ni milimita 18, kwa hiyo katikati panatiwa kibomba cha milimita 26 kuziba pengo. Nilikichungulia upande huu, nikakichungulia upande ule. Hakina kioo cha lenzi, hakina chochote, ni visahani vya shaba pembeni na hewa katikati. Sijawahi kununua hewa ghali namna ile.

"Boss, hii inaweza kupiga kimya kimya kabisa," kijana wa duka akaniambia.

"Niwekee hivyo hivyo. Padri wa kesho ni mkali."

Akabonyezabonyeza vidole vikiruka kama mtu anayetuma pesa huku matatu inaondoka. Nikaona menyu zikipita, moja, mbili, kumi, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kanisani Buruburu, Jumamosi saa nne, nilikuwa mfalme. Kwanza nilihangaika kuiwasha, kwa sababu kwenye Canon swichi iko kushoto juu, na kidole gumba changu cha kushoto kilikuwa kinaenda pale chenyewe na kukuta patupu. Ya Sony iko kulia, imezunguka kitufe cha kupigia. Lakini ikishawaka, kimya. Nilipiga pete nikiwa hatua tatu kutoka kwa padri, naye hata hakupepesa jicho. Nilipiga bibi harusi akilia na hakujua. Nilijiona kama chui.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Betri. Ya kwanza ilikata kabla ya sadaka. Betri zile huhesabiwa kufikisha picha 700 hivi, na mimi nilikuwa sijafika hata mia mbili. Nikaweka ya pili, nikajisemea labda mpya inahitaji kuzoea. Kamera nilikuwa nimeivaa shingoni kwa mkanda mfupi, imetulia juu ya kitambi, na nilikuwa nimeizuia isilale ili nisipitwe na tukio. Kumbuka hilo la kitambi.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba benchi la pili alikaa shangazi wa bibi harusi, ambaye ndiye mweka hazina wa kamati. Salio langu la shilingi 30,000 lilikuwa kwenye simu yake. Na tangu saa nne alikuwa amenitegea sikio.

Tukaenda bustani ya miti ya Arboretum kwa picha za pamoja. Jumamosi pale ni harusi juu ya harusi, mnapanga foleni kwa mti mmoja huku tumbili wakiwapimia keki. Nikawapanga wazee wa upande wa bibi harusi. Makoti yakafungwa, vifua vikatokezwa, pumzi zikashikwa.

"Moja, mbili, tatu!"

Nikabonyeza. Kimya. Hata taa mpya haikuwaka. Wazee wakabaki wameshika pumzi.

"Tayari," nikasema.

"Tayari nini?" mzee mmoja akauliza bila kufungua meno, asije akaharibu tabasamu.

"Nimepiga, mzee."

"Umepiga nini?"

Nikapiga tena, na tena. Wazee wakaanza kubadilika rangi. Nikaichomoa taa, nikaipuliza, nikaichomeka. Wapi! Baadaye nilikuja kujua kwamba ukiiweka kamera ile kwenye hali ya kimya, inainyima taa ruhusa ya kuwaka. Lakini pale chini ya mti nilijua kitu kimoja tu, kwamba kuna kilemba cha rangi ya zambarau kinakuja kwangu, kirefu kama mnara, na chini yake yuko shangazi.

"Kijana."

"Naam, Mama."

"Kanisani nilikutazama. Sikusikia kitu. Hapa nakutazama. Sisikii kitu. Mwanga hakuna. Wewe ulikuja kupiga picha au ulikuja kula pilau?"

"Mama, kamera hii ni ya kisasa. Haina sauti."

"Hata pasi yangu ya makaa haina sauti. Lakini siji nayo harusini kuwaelekezea watu."

Wazee wakacheka, kwa hiyo angalau walipumua. Nikaona dawa ni kumwonyesha. Nikabonyeza kitufe cha kutazamia picha, skrini ikajaa: bibi harusi, pete, machozi, kila kitu. Nikampa kamera kwa mikono miwili kama ninayetoa sadaka.

Miwani yake alikuwa ameiacha ndani ya gari. Akaisogeza kamera karibu na uso.

Skrini ikazima. Tii.

"Hakuna kitu," akasema.

Nikaichukua. Zikarudi. "Hizi hapa, Mama!" Akaishika, akaisogeza. Giza. Nikaichukua. Bibi harusi huyo, anatabasamu. Akaishika. Giza. Tulifanya hivyo mara nne mbele ya ukoo mzima, na kila mara nilipozirudisha nilizidi kufanana na wale wa karata tatu. Mjomba mmoja akavua koti. Kijana wangu wa kubeba taa akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, hadi akawa mtu wa harusi ya jirani.

"Hiki kitu kinanikataa mimi," shangazi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. "Kinajua mimi ndiye ninayelipa."

Ndipo msichana mmoja wa maua, wa miaka minane hivi, mdomo umejaa peremende, akavuta gauni lake.

"Shosho, ni kilemba."

"Kilemba kimefanya nini?"

"Kinafikiri kilemba ni jicho."

Akanyoosha kidole chenye sukari hadi kando ya kile kitundu cha kuchungulia, akakifunika. Skrini ikazima. Akakiondoa. Ikawaka. Pale kando ya kitundu pana kijisensa, kikihisi kitu kimekaribia, kamera inaamini mtu ameweka jicho, inazima skrini kubwa ya nyuma na kuwasha ile ndogo iliyo mle ndani. Picha hazikuwa zimepotea hata moja. Aliyekuwa akizitazama ni kilemba.

Nikashusha pumzi. Mtoto hakuwa amemaliza. Alikuwa ananitazama kiunoni.

"Na wewe anko, tumbo lako linaangalia pia."

Betri! Tangu saa nne asubuhi, kila nilipoiachia kamera ining'inie, ilijiegemeza kwenye kitambi, ikadhani ni jicho, ikawasha skrini yake ya ndani kwa heshima zote. Kitambi changu kilitazama misa yote. Kilitazama hadi betri ikaisha.

Shangazi hakukubali kuvua kilemba, na simlaumu, maana kilifungwa kwa saa mbili. Akaishika kamera kwa kunyoosha mikono, lakini huko mbali bila miwani hakuona. Basi mtoto akaajiriwa kumsomea.

"Hapa ni guka, amefunga macho. Hapa ni guka tena, amefunga macho. Hapa guka amefungua macho lakini anko amekata miguu."

"Basi zipo," shangazi akasema. "Lakini kuanzia sasa nataka kusikia."

Nikampigia simu kijana wa duka. Haishiki. Nikaingia kwenye menyu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, huku harusi inayofuata inakohoa nyuma yetu ikitaka mti. Nikatoka humo na lugha ya kamera imekuwa ile ya Ujerumani. Sikuwa na njia nyingine. Nikawapanga wazee upya, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikabonyeza, na kwa mdomo wangu mwenyewe nikapiga ulimi juu ya kaakaa:

"Kacha!"

Pumzi zikashuka. Makoti yakafunguliwa. Mzee wa meno akatikisa kichwa akasema, "Hiyo imeingia." Upande wa bwana harusi, kacha. Wasimamizi, kacha. Wanachama wa chama cha shangazi, kacha mbili.

Ukumbini South B hali ya kimya ilinilipa deni lake. Chini ya taa za mirija picha za kwanza zilitoka na mistari ya kulala, harusi nzima imevaa pundamilia. Bahati nzuri kijana wa duka akapiga mwenyewe saa kumi, alikuwa kwenye mechi, akanielekeza kwa simu: rudisha lugha, shuka, shuka, kulia, hapo, zima. Mistari ikaondoka, taa ikawaka na shata, kile kipazia cha mbele ya sensa, ikarudi na kamlio kake kembamba. Kila kitu kikawa sawa isipokuwa mdomo wangu, ambao ulikuwa umeshazoea kazi.

Salio liliingia kabla ya keki. Jumanne nikapigiwa na jamaa wa video.

"Boss, kuna sauti kwenye keki siielewi. Nimezima maikrofoni moja moja, bado iko. Kama bata."

Nikamwambia aifunike kwa muziki.

"Nimejaribu," akasema. "Lakini baada ya bata kuna mama anaongea karibu sana na maikrofoni. Anasema, 'Sasa hiyo ndiyo kamera.'"